Kwa nini loji za milimani Nyanda za Juu Kusini zinatulisha chipsi kuku wakati chakula cha maana kiko chini barabarani?

#1 Chumvi Kidogo
Wakuu habari.

Kazi yangu hunipeleka sana Iringa, Njombe na Mbeya, na wikiendi ikinikuta huko silali mjini, napanda mlimani. Kwa malazi sina ugomvi na mtu: blanketi nzito, moto wa kuni sebuleni, ukungu hauondoki mpaka saa nne, mashamba ya chai yanaanzia dirishani. Ugomvi wangu uko mezani.

Umelala chini ya Mlima Rungwe. Migomba imekuzunguka. Wilaya nzima inafuga ng'ombe wa maziwa. Ziwa Nyasa liko huko chini, mchele wa Kyela ndio nyumbani kwake. Halafu inaletwa menyu: chipsi kuku, wali kuku, tambi, na supu ya uyoga ambayo ukidadisi unaambiwa ni ya pakiti. Uyoga wa pakiti! Mikoa ambayo mvua ikianza watoto wanasimama barabarani na madishi ya uyoga.

Asubuhi unashuka kidogo tu mpaka lami, mama ana masufuria chini ya turubai, unakula mbalaga (ndizi za kupika) na usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa), unashushia maziwa mgando, kwa pesa ambayo kule juu hainunui hata juisi.

Dai langu: wenye loji wanaona aibu na chakula cha kwao. Nipingeni.

#2 Tumbo Joto
Naweka kambi hapa. Bila picha ya hiyo mbalaga ni porojo.

#3 Kipepeo wa Busokelo
Ugonile mleta mada. Aibu haipo. Tatizo ni muda.

Mbalaga siyo kitu cha kuagiza ukiwa umeshakaa kwenye kiti. Ndizi zinamenywa, zinapangwa na nyama au maharage, moto unapunguzwa, zinaachwa zijipike zenyewe. Ukizikoroga koroga zinakuwa uji. Yule mama wa chini ya turubai kawasha moto alfajiri kwa sababu anajua bodaboda wote wa kijiwe kile watakula kwake, na wasipokula wao, basi la Kyela litasimama. Sasa loji ina wageni wawili siku ya Jumanne, mmoja anafika saa mbili usiku ana njaa, anataka sahani ndani ya nusu saa. Utampa nini zaidi ya chipsi?

#4 Pwani Raha
Kwanza tukubaliane: huko juu kuna chakula au kuna maji ya moto na chumvi? Watu hawajui nazi hawa. Mnapika mboga kwa kuitishia mafuta.

#5 Mkinga Halisi
#4 njoo Makete Julai tukuone na nazi yako. Itaganda kabla hujaikuna.

#6 Mpishi Aliyechoka
Nimepika loji za kusini miaka mingi, mjini na maporini, ngoja niseme ya jikoni.

Menyu haiandikwi na mpishi. Inaandikwa na mwenye mali, mara nyingi anaishi Dar, na anainakili kutoka loji aliyolala yeye Arusha. Chuo nako tulifundishwa sosi nyeupe kabla ya kufundishwa kupika figili. Nikaja kuajiriwa sehemu fulani juu huko, nikasema jamani hapa kuna maharage ya kila rangi, kuna mahindi mabichi, tuweke kande. Nikaruhusiwa. Wazungu walimaliza sahani wakauliza kama ipo nyingine. Waliorudisha ni ndugu zangu wa semina: "Sisi tumetoka shule ya bweni, unatuletea kande tena?"

Kwa hiyo #1 aibu ipo, ila usiitafute kwa mwenye loji. Ipo kwa mgeni. Wanaoomba chipsi ni sisi.

#7 Tumbo Joto
Kande za bweni zilikuwa na wadudu wenye majina. Siwezi kulipia hotelini.

#8 Mwl Chaki
Mnabishana kisaikolojia wakati kuna fizikia. Ukipanda karibu kila mita 300, maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu. Tukuyu mjini, kama mita 1,600, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600, huko ni kama nyuzi 91. Maharage makavu kwenye nyuzi 91 ni kazi ya siku nzima, na mwenye loji ananunua kuni au gesi. Mafuta hayana habari na mwinuko: yanapata moto uleule Kyela na Makete. Ndiyo maana vya kukaanga vimetawala. Chipsi wamezaliwa na mlima.

#9 Mama Kilolo
Mwalimu, bibi yangu aliweka chungu cha maharage jikoni baada ya chakula cha usiku, akakifunika, akasogeza kuni mbili, akalala. Asubuhi yameiva. Hajawahi kusikia habari za nyuzi 91. Ukitaka maharage haraka ndiyo mlima unakuwa na hatia.

Na Dar es Salaam kwenye usawa wa bahari chipsi zimejaa kuliko Makete. Nazo zimezaliwa na mlima gani?

#10 Mwl Chaki
#9 sikusema haviivi, nimesema vina gharama. Soma vizuri. Bibi yako kuni aliziokota, loji inanunua kwa mkokoteni.

#11 Mzee wa Nyololo
Vijana, simameni Makambako au Uyole usiku mhesabu malori. Viazi mviringo vya Uporoto na Njombe vinakwenda Dar. Parachichi za Rungwe na Njombe, zile za kisasa, zinachumwa kwa mkasi zinakwenda Ulaya. Ndizi za Kiwira zinapakiwa usiku. Mbao ndiyo usiseme. Kinachobaki kwa mpishi wa loji ni kile ambacho dalali amekikataa.

Mwaka juzi nilimsindikiza mgeni wangu loji moja karibu na mashamba ya chai. Akaletewa chai ya majani ya kwenye karatasi yenye uzi, iliyopakiwa mbali. Dirishani anaona wachumaji. Akaniuliza, mzee, hii imezunguka wapi mpaka ikarudi? Sikuwa na jibu.

#12 Dereva Fuso
Nakazia #11. Mimi ndiye ninayeibeba. Lakini msimlaumu dalali peke yake, mkulima akiiuzia loji anauza debe moja na kulipwa mwisho wa mwezi. Dalali anabeba gunia zote na pesa mkononi.

#13 Kijana wa Matema
Mleta mada umesema mchele wa Kyela kama vile kila wali unaonukia kule ni wa Kyela. Ukweli uchungu: mchele mwingi unaoliwa Mbeya kwa jina la Kyela umetoka Mbarali, Ubaruku na Igurusi. Usangu ndiko kwenye skimu kubwa za maji. Kyela halisi ni kidogo na kinakimbiliwa.

Kuhusu samaki: loji za juu zinataka samaki asiye na miiba, mnene, aliyekatwa vizuri. Sisi tuna mbasa, tuna mbelele, tuna usipa. Mbasa ana miiba ya kutosha kukufundisha adabu, na hupanda mito wakati wa mvua kwenda kuzaa, kwa hiyo kumpata kuna majira yake. Usipa mkavu ndio wa mwaka mzima, ila hakuna meneja atakayeweka dagaa kwenye menyu akawatoza elfu ishirini. Atauza sato wa Mwanza aliyegandishwa. Nimemwona kwa macho yangu, sato wa Victoria analiwa huku dirishani unaliona Ziwa Nyasa.

#14 Pwani Raha
#13 hapo kwa sato nimecheka kwa sauti ofisini.

#15 Chumvi Kidogo
#6 nimekusoma vizuri. Lakini kama wageni ndio wanaodai chipsi, mbona hawa hawa wageni, wakiwa safarini, wanasimama kwa mama ntilie Kiwira wanakula ndizi bila kulalamika? Mtu yuleyule, siku ileile. Akiingia loji anabadilika.

#16 Mama Kilolo
Kwa sababu amelipa. Mtu akilipa laki anataka kula asichokula kwake. Kwake anakula maharage.

#17 Binti wa Mufindi
Hamjambo. Naona mmejumlisha mno. Zipo sehemu zinazolisha vizuri. Kisolanza, kama saa moja kutoka Iringa kwenda Mafinga, ni shamba la familia lenye malazi. Mboga na nyama vinatoka shambani. Upande wa Mufindi juu kwenye chai zipo za wageni kula meza moja, mkate umeokwa palepale, maziwa ya pale, karoti imeng'olewa asubuhi. Mbeya kuna Utengule katikati ya kahawa, kahawa ya shamba hilohilo. Hata Iringa mjini, Neema Crafts, mkahawa unahudumiwa na viziwi, unaandika oda yako kwenye karatasi, na keki yao haina mpinzani.

Inawezekana kabisa. Nadharia ya mwinuko na nadharia ya malori zote zinakwama hapo.

#18 Mpishi Aliyechoka
Dada #17, uliyoyataja ni kweli, ila angalia sahani. Ni supu ya karoti, nyama ya kuoka, pai ya tufaha. Vimelimwa Iringa, havijapikwa Kihehe. Mleta mada analilia kingine: ndizi, kande, figili, majani ya maboga yenye karanga, uyoga wa porini. Mboga za mkoa na mapishi ya mkoa ni vitu viwili.

#19 Binti wa Mufindi
Kwa hiyo karoti ikikatwa na mzungu inapoteza uraia?

#20 Kumbukumbu za Boma
Hapo #18 kagusa penyewe. Loji za milimani hazikuanza kama nyumba za wageni wa Kiafrika. Mjerumani alijenga boma Tukuyu akapaita Neu Langenburg, akaja Mwingereza na resti hausi zake za maofisa, na masetla wa Iringa na Mufindi na nyumba zao za shamba. Mpishi alifundishwa supu, nyama, pudini. Uhuru ukaja, mwenye nyumba akabadilika, mpangilio wa meza ukabaki. Hakuna aliyekaa akaamua kuidharau mbalaga. Haikuwahi kualikwa mezani tangu mwanzo. Chipsi kuku imekuja juzi tu kuchukua nafasi ya nyama na pudini.

#21 Dereva Fuso
Kila kitu mkoloni. Sasa hata chipsi yai?

#22 Kumbukumbu za Boma
Chipsi yai ni yetu, hiyo sijaigusa.

#23 Mlima Wangu
Nje ya mada kidogo. #1 na wengine mnautaja Rungwe kama ndio mrefu kuliko yote kusini. Siyo. Mtorwi, safu za Kipengere, mita 2,961. Rungwe 2,960.

#24 Kipepeo wa Busokelo
Hakuna aliyesema ni mrefu kuliko yote, umekuja na ugomvi wako kutoka nyumbani. Na mita moja hiyo sisi tukiweka mgomba juu tumewapita.

#25 Mkinga Halisi
Mgomba kwa mita 2,960? Sakitu ya Juni itauchoma uwe kama ugoro. Mtorwi oyee.

#26 Mtu wa Ifunda
Kamwene. Mbona hakuna aliyetaja ulanzi? Loji ya Iringa au Njombe isiyo na ulanzi wakati wa mvua ni kama msikiti usio na maji ya udhu. Mianzi inakatwa ncha, inagemwa, asubuhi unapata mtogwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukiuacha ulale unakuwa mdindifu, hapo usipande pikipiki. Hauwekeki kwenye chupa ukasafiri nao Dar, unaendelea kuchacha njiani na kifuniko kinaruka. Yaani hicho ndicho kinywaji ambacho lazima mtu aje mlimani kukinywa, na bado wanatuuzia bia ambayo hata Kariakoo ipo.

#27 Tumbo Joto
#26 mdindifu ulinipandisha mlima ambao haupo kwenye ramani.

#28 Msafiri Mpole
Naomba kuuliza. Nasikia kuna chikanda huko Kitulo, ile inayopikwa na karanga kama soseji. Naweza kuagiza kwenye loji?

#29 Mkinga Halisi
#28 acha. Chikanda ni viazi vya okidi za porini. Ukichimba kiazi umeua mmea, na mpaka upate sahani moja umechimba mashimo mengi. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa ajili ya maua hayo hayo, na wazee wanaiita Bustani ya Mungu. Soko kubwa la chikanda ni Zambia, ndilo lililomaliza maua nje ya hifadhi. Njoo utazame yakiwa ardhini, kuanzia Desemba mpaka Aprili, halafu ule viazi mviringo.

#30 Kipepeo wa Busokelo
#29 leo tumekubaliana kitu, tuandike tarehe.

#31 Pwani Raha
Na simbilisi je? Naambiwa Njombe mnafuga panya mnakula.

#32 Mtu wa Ifunda
Siyo panya, mkuu. Simbilisi (guinea pig) anafugwa jikoni, anakula majani na maganda, akichomwa ngozi yake inakuwa kavu na tamu. Ninyi mnakula pweza mwenye miguu minane na mnatucheka sisi?

#33 Mhasibu wa Kijiji
Tuache hisia. Kaka yangu ana loji ndogo, vyumba saba, juu ya Isongole, mimi namtengenezea hesabu. Wageni wanajaa Ijumaa na Jumamosi na sikukuu. Katikati ya wiki kuna siku hana mtu. Kuku anakaa kwenye friji, viazi vinakaa stoo hata mwezi. Ndizi mbichi zikikaa zinaiva, maziwa yanachacha, majani ya maboga ni ya leoleo. Umeme ukikatika, na huko unakatika mvua ikinyesha, na Tukuyu mvua ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Tulijaribu kuweka ndizi kwenye menyu. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tunalisha nguruwe wa jirani. Nguruwe walinenepa, kaka akakonda.

#34 Mzee wa Nyololo
Basi kaka yako angeuza kitimoto.

#35 Mhasibu wa Kijiji
Anauza siku hizi. Ndicho kinachotoka kuliko vyote 😂

#36 Mwanamke Safarini
Mimi nawaambia ninachofanya, mtanirekebisha. Sitarajii loji inilishe. Loji ni ya kulala. Nikifika kijijini kabla ya kupanda, namtafuta mama anayepika, namwambia kesho mchana nataka hiki na hiki, namwachia nusu ya pesa. Mama mmoja njia ya Kitulo alinipikia viazi na njegere mbichi na maziwa ya mgando, nikakaa jikoni kwake kwa sababu nje kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Hakuna meza ya Dar nimewahi kuketi nikala vile. Na hela yote imebaki kijijini.

Sijui kwa nini watu tunataka kitanda kizuri na sufuria nzuri vikae chini ya bati moja.

#37 Chumvi Kidogo
#36 unachosema kinafaa mchana. Usiku je? Saa moja giza, baridi, ukungu, barabara ya utelezi. Utashuka kwa mama na tochi? Chakula cha usiku ndicho kinachokufunga loji, na wao wanalijua.

#38 Mwanamke Safarini
Usiku nakula parachichi na mkate chumbani, nalala. Umri wangu haunidai chakula kizito.

#39 Kijana wa Matema
Wengine tulijaribu kuingia na hotipoti yetu. Loji moja huko juu, mlinzi akasema chakula cha nje marufuku. Tukakaa kwenye gari tunakula samaki huku vioo vimejaa mvuke, meneja anatuangalia kwenye veranda.

#40 Mpishi Aliyechoka
Meneja alikuwa anatamani tu.

#41 Msafiri Mpole
Ahsanteni kwa jibu la chikanda. Nikija Kitulo Machi na gari dogo, nipandie Chimala au Isyonje?

#42 Dereva Fuso
Chimala kwenda Matamba ndiyo ile ya kona hamsini na saba. Machi, gari dogo, matope? Usithubutu. Pita Isyonje, na hata hiyo uliza asubuhi hiyohiyo pale njia panda kabla hujaingia, siyo kuuliza humu.

#43 Mkinga Halisi
Na ubebe koti la kweli, siyo sweta la kupigia picha.

#44 Afisa wa Kawaida
Nimesoma uzi wote, mmezunguka mno. Aibu, mkoloni, fizikia, malori, friji. Jibu ni risiti.

Wengi tunaolala huko katikati ya wiki tuko kazini. Tunatakiwa kurudi na risiti ya mashine ili tulipwe. Mama wa turubai hana mashine. Nikila mbalaga kwake nimekula kwa pesa ya watoto wangu, nikila chipsi kuku loji nimekula kwa pesa ya ofisi. Hapo hata ungekuwa wewe.

#45 Mhasibu wa Kijiji
#44 hiyo inaeleza kwa nini mnakula loji. Haielezi kwa nini loji haipiki mbalaga ikakukatia risiti hiyohiyo.

#46 Afisa wa Kawaida
Kwa sababu nitakula chochote kilichopo. Loji inalijua hilo. Sasa ihangaike na ndizi ya nini?

#47 Mama Kilolo
Haya, sasa tumefika kwenye posho. Mods, hamisheni uzi uende jukwaa la siasa.